Kelele za Pampu Isiyopata Maji

Saa moja asubuhi mume wangu, Grantley, aliibeba mashine yangu ya kahawa akaiweka kwenye nyasi za kando ya barabara, kati ya godoro kuukuu na kiti cha miguu mitatu. Ilikuwa siku ya halmashauri kuzoa vyombo vikubwa vilivyotupwa katika mtaa wetu wa Coburg, jijini Melbourne, na lori lilitarajiwa saa tatu. Wenzangu walinizawadia mashine ile nilipostaafu uuguzi wa wanyama. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwa nimeianza siku bila kikombe chake, ila majuma mawili ya mwisho, ilipokuwa ikipiga kelele bila kutoa hata tone.

Niligundua wizi huo dirishani, nilipomwona jirani yetu Ozan ameiinamia. Mtaani kwetu, kilichowekwa kwenye nyasi ni cha atakayekiinua kwanza. Nikatoka na kandambili.

“Jirani, toa mkono.”

“Iko kwenye nyasi, mama. Sheria unaijua.”

“Naijua, ndiyo maana naiinua mimi.” Nikaiinua.

“Mgongo huo, Nerina. Ikikushinda, niite.”

“Nitakuita kuja kunywa.”

Grantley alikuwa mlangoni na pajama zake. “Mke wangu, hiyo imekufa. Mchana tunakwenda kununua ile ya kubonyeza tu.”

“Lori likifika kabla sijatoa kikombe, itoe mwenyewe, sitasema neno. Nikitoa, inabaki.”

“Haya. Una saa moja na nusu.”

Nilianza na rahisi. Tangi lilikuwa na maji na lilikaa vizuri mahali pake. Nikafungua bomba la mvuke ili hewa iliyonaswa ndani ipate njia, kisha nikawasha. Pampu ikapiga kelele kali, nyembamba, kama paka anayeshikwa mkia. Kelele hiyo ina maana yake. Pampu inayosukuma maji huunguruma kwa sauti nzito. Isiyopata maji hupayuka. Pampu yangu ilikuwa nzima. Ilikuwa na kiu.

“Si nimekwambia?” Grantley alisema. “Sikia inavyokata roho.”

“Mgonjwa anayepiga kelele hivi hajafa, baba. Wa kimya ndiye wa kutisha.”

Nikachomoa waya ukutani na kuondoa tangi. Katika droo nilikuwa na sirinji mpya, za kumnywesha paka dawa. Nikajaza moja maji, nikaichomeka kwenye mrija unaoelekea kwenye pampu, nikasukuma. Maji yalipita bila kugoma. Basi kizuizi kilikuwa nyuma zaidi, kwenye tangi lenyewe. Nikaligeuza. Chini yake kuna vali ndogo yenye pete ya mpira. Pete ilikuwa imelainika kama bamia iliyochemshwa, na kipande chake, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kimeziba tundu. Nikakitoa kwa kibanio na kukinusa.

“Grantley, umeweka nini humu?”

Akatazama sakafu. “Siki. Nusu chupa, kila tarehe mosi.”

“Kila mwezi? Tangu lini?”

“Tangu uilete. Bila siki, chokaa ya maji itaganda ndani iiue. Mama alifanya hivyo kwa birika lake maisha yake yote.”

“Mama yako alikuwa Adelaide, na maji ya Adelaide yana chokaa. Haya ya Melbourne yanatoka milimani, hayana chokaa. Angalia birika letu: miaka kumi, na ndani linang'aa kama kioo. Umeinywesha dawa ya ugonjwa isiokuwa nao, mpaka dawa ikaila koo.”

Alikwenda gereji, akarudi na kopo la pete za mabomba ya maji. Ya nne ilienea. Nikasafisha vali, nikarudisha tangi, nikajaza pampu maji kwa sirinji ili isianze ikiwa kavu. Nje, lori lilikuwa limekata kona. Vyuma viligongana nyumba tatu kutoka kwetu.

Nikawasha. Kelele ile nyembamba ilidumu sekunde mbili, tatu, nne. Kisha ikashuka. Ikawa nzito, tulivu, na bomba la mvuke likatema mate, likakohoa, likamwaga maji. Nikalifunga, nikasaga kahawa, nikaijaza kwenye kichujio chenye mpini, nikakibana mahali pake. Uzi mwembamba wa rangi ya asali ukashuka kikombeni.

Nilikibeba hadi kwenye nyasi, Grantley nyuma yangu. Vijana wa lori walikuwa wakipakia godoro, na Ozan ameegemea ua wake.

“Kuna kingine, mama?” mmoja aliuliza.

“Hakuna,” Grantley alisema kabla sijafungua mdomo. Akapokea kikombe, akanywa chote akiwa amesimama, akalamba povu mdomoni.

“Na mimi je?” Ozan aliuliza. “Niliahidiwa.”

“Panga foleni,” mume wangu alimjibu, akaninyooshea kikombe kitupu. “Mimi sijamaliza.”