Makabidhiano ya Bomba la Sinki

Jana usiku niliota nimeitwa kwenye makabidhiano ya ofisi, na ofisi yenyewe ilikuwa ndani ya darubini ya marehemu baba.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anatafuta tu pa kukaa. Niliingia kwa mdomo wa darubini, nikainama kupita chini ya kioo kidogo, nikakuta viti vya plastiki vimepangwa kama vya msibani. Nilikuwa nimejifunga kanga juu ya koti, maana baridi ya Njombe ni ile ile hata ukiwa ndani ya darubini.

Kabla sijaendelea, niseme yaliyo kweli. Darubini hiyo baba aliiunda mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi. Kioo kikubwa alipewa na padri aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, vingine vyote aliokoteza. Fokasi, yaani ile sehemu inayoshika lenzi ya kutazamia na kuisogeza mpaka picha ikae sawa, aliitengeneza kwa bomba alilolifungua chini ya sinki letu la jikoni. Alimwambia mama analiazima kwa wiki moja. Mama aliosha vyombo akiwa amekinga ndoo chini ya sinki mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Na kwa kuwa macho ya watu hayafanani, kila mmoja wetu alikuwa na mahali pake kwenye bomba hilo. Mama alilizungushia mistari mitatu kwa rangi yake nyekundu ya kucha: wa baba chini, wake katikati, wangu juu. Ukilivuta bomba mpaka kwenye mstari wako, basi sayari ya Zohali hii hapa, na pete yake. Baba alipofariki, mama aliacha kupaka kucha.

Sasa mama ametolewa mtoto wa jicho, na Jumamosi anakuja kwangu. Kwenye simu alisema neno moja tu: "Nataka nimwone tena yule mwenye pete." Bomba la zamani limelegea, ukilielekeza juu lenzi inateleza na kukugonga usoni. Kwa hiyo nimenunua fokasi mpya, na jana mchana nikaifungua ile ya baba. Kilichonikereketa ni mistari. Wangu nitautafuta siku yoyote, wa mama nitautafuta akija. Wa baba utatafutwa kwa jicho la nani?

Basi nikalala na hilo.

Mwenyekiti wa makabidhiano alikuwa Zohali. Alivua pete yake akaiweka mezani kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani, akabaki na upara wa rangi ya uji wa mahindi.

"Ajenda ni moja," anasema. "Fokasi ya zamani inakabidhi kwa fokasi mpya. Kuna mwenye pingamizi?"

Sinki linanyoosha mkono. Ni lile lile la kwetu, la bati, lenye mbonyeo ubavuni.

"Mimi nadai bomba langu. Liliazimwa kwa wiki moja."

"Wiki haijaisha," linajibu Bomba.

Mwenyekiti anatazama ukutani, mahali ambapo hapana saa, na anakubali kwamba haijaisha. Sinki linakaa chini likinung'unika kwa sauti ya maji yanayoshuka.

Bomba la baba likasimama. Lilikuwa limezeeka kweli, kutu shingoni, lakini lilikohoa kwanza kabla ya kusema, kama alivyokuwa akikohoa baba mwenyewe.

"Nakabidhi macho matatu," likasema, likayapanga mezani.

Nikasogea kuyatazama. Moja la mama, limenuna. Moja langu, lina usingizi, maana nilikuwa naamshwa usiku kutazama. La tatu lilikuwa la baba, na liliponiona likanikonyeza.

Fokasi mpya ilikuwa nyeusi, inang'aa, imevaa vizuri kuliko sisi wote. Ikayatazama macho ikatikisa kichwa.

"Samahani, mwenyekiti. Mimi nimeundwa kuwa laini. Kwangu kila kitu kinateleza, sina mahali pa kuweka jicho."

"Hayo mawili yana wenyewe," anasema Zohali. "Hili la tatu je?"

"Hilo halina mwenyewe," ikajibu, wala si kwa ubaya. "Lipelekwe stoo."

Iliniuma. Iliniuma hata ndani ya ndoto, nikasimama bila kuomba ruhusa.

"Lina mwenyewe!"

"Yuko wapi?" ikauliza fokasi mpya.

Zohali akaniangalia kwa huruma kidogo, kisha akaigeukia kanuni. "Fokasi mpya ni ndefu kuliko ya zamani. Ikiwa ndefu, kinafanyika nini?"

Hilo nililijua, nilikuwa nimelisoma kwenye maelekezo. "Kioo kikubwa kinasogezwa mbele."

"Basi kisogeze."

Nakisukuma kioo. Kinasogea, na kila kilichowahi kukitazama kinasogea nacho. Inakuja kamba ya nguo. Inakuja miti ya miwati nyuma ya choo, na shamba la viazi la jirani, na mbwa wetu Simba ambaye hakuwahi kumng'ata mtu. Hatujaondoka kwenye viti, lakini tuko jikoni kwetu, moshi unatuwasha macho, na mama, bado kijana, ana kucha nyekundu na anasonga ugali.

Chini ya sinki imetoka miguu miwili yenye soksi zisizofanana.

"Yusta," miguu inasema, "nipe bisibisi."

Nikampa. Ningempa nini kingine? Nilikuwa nimemkumbuka sana.

"Baba, nimenunua fokasi mpya."

"Nimesikia. Haiyumbi?"

"Haiyumbi."

"Inazunguka kwa kidole kimoja?"

"Kimoja tu, baba."

"Ile yangu ilitaka mikono miwili na sala." Akacheka huko huko chini. "Umechelewa sana, mwanangu. Mimi ningeibadilisha zamani."

"Lakini mstari wako utapotea."

Akajitoa taratibu, akakaa sakafuni, na ana utando wa buibui kwenye nywele. Akanyoosha mkono, nikaona fokasi mpya iko kiganjani kwangu, nikampa. Akalichukua jicho lake mezani, akalipangusa kwa shati, akalirudisha mahali pake. Lile lingine akaliziba kwa kiganja, kama kawaida yake, akaelekeza fokasi kwa mwenyekiti na kuizungusha kwa kidole kimoja.

"Mama Yusta, ile rangi yako ipo?"

"Ya kucha? Kwanza nirudishie bomba langu, Baba Yusta."

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo, wiki ijayo!" Lakini tayari ameshaacha mwiko, tayari anafungua kichupa kwa meno.

"Hapo," anasema baba.

Mama akapiga mstari kuizunguka fokasi nzima bila kuinua brashi. "Usishike, Yusta. Haijakauka."

Nikashika. Umri wote huu, na bado nikashika.

"Jicho la tatu limekabidhiwa?" anauliza Zohali.

"Limekabidhiwa," nikasema. Akavaa pete yake, ikambana, ikabidi aizungushe zungushe. Nikamgeukia baba nimwambie asiondoke, lakini ndoo chini ya sinki ilikuwa imejaa, maji yakamwagika miguuni kwangu, ya baridi, nikaamka.

Blanketi lilikuwa limeanguka. Kulikuwa kumepambazuka, na ukungu umejaa dirishani.

Fokasi mpya ilikuwa mezani ndani ya boksi lake, na nailoni yake sijaichana tangu dukani. Niliichana. Kwenye chuma kinachong'aa, chini kabisa, ulikuwepo mstari mwekundu, umezunguka vizuri pande zote isipokuwa sehemu moja iliyovurugwa na dole gumba. Nikaleta dole gumba langu karibu, likalingana. Kichupa cha mama kilikaukia kabatini miaka mingi iliyopita, na mimi sijawahi kununua rangi ya kucha.

Nikainusa. Ilikuwa bado mbichi.

Safari hii sikushika. Nimeiweka dirishani ikauke, mama aikute Jumamosi.