Chini ya Shuka

Mafua yalimkamata msusi pabaya, kwani mtu anayesuka hana mkono wa kupengea kamasi. Mikono yote miwili imo kichwani mwa mteja, na pua, kana kwamba inalijua hilo, ndipo huchuruzika. Siku ya pili mteja mmoja alihisi tone likimdondokea utosini, akainuka akaenda zake na kichwa nusu. Msusi akafunga saluni, akarudi nyumbani kulala.

Mchana mlango uligongwa. Alikuwa mdogo wake, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu mvua zilizopita.

"Dada, mbona umegeuka bomba bovu?" Mdogo aliingia bila kukaribishwa. "Mtaa mzima unasema siku hizi unawaosha wateja bure."

Kicheko kilimfika msusi kooni, akakimeza. Kusuka alimfundisha yeye, kwa mikono yake mwenyewe, kisha mdogo akafungua saluni yake ng'ambo ya barabara bila kumwambia neno. Msusi aliipata habari hiyo kutoka kwa mteja aliyekuwa akimsuka. Wateja waliohama hawakumuuma kama aibu ya kuambiwa na mtu baki.

Mdogo alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni juu ya meza. "Inama. Usisogeze uso sana, utaungua." Akamfunika shuka zito mpaka mabegani.

Chini ya shuka kulikuwa na giza na mvuke. Jasho lilimtiririka msusi mpaka kidevuni. Kisha sauti ikaja kutoka nje, ya chini, ya mtu aliyesubiri uso wa mwenzake ufichwe ndipo aseme.

"Dada, tunahama leo. Shemeji yako kahamishwa kazi, mbali. Saluni nimeshaifunga." Kiti kililia. "Nilikukosea. Niliogopa kukuambia kwamba naifungua, maana ungenikataza, na ungenikataza ningebaki. Sitaki kuondoka na kinyongo chako. Niambie tu kwamba yameisha."

Msusi alikuwa na jibu, na lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini kiburi kina ushauri wake: mwache angoje kidogo, mbona wewe ulifichwa? Akavuta kamasi kwa kishindo.

"Dada, unanisikia?"

"Maji yamepoa," alisema kwa sauti ya puani.

Halafu birika likaja, maji ya moto yakaongezwa taratibu, na shuka likarudishwa mabegani na kubanwa pande zote, kama anavyofunikwa mtoto. Mkono ulikaa begani kwake kitambo, ukaondoka.

Pua ikizibuka nitamwambia, msusi alijiahidi. Jambo kama hili halisemwi kwa sauti ya bata.

Tundu moja likafunguka. Akangoja la pili. Lilipofunguka nalo, akavuta pumzi ndefu, akalifunua shuka na kusema, "Yameisha, mdogo wangu, mbona yaliisha zamani."

Kiti kilikuwa kitupu. Birika lilikuwa limerudishwa mahali pake.

Majuto ni mjukuu, watu husema. Yake hayakungoja hata mtoto azaliwe. Aliikimbilia simu, akakumbuka kwamba namba ile aliifuta mwenyewe siku ya hasira. Akatoka nje vile vile, shuka begani, uso ukifuka mvuke. Muuza mkaa wa jirani alipomwona akapiga makofi.

"Mama wee! Umetoka tanuri gani?"

"Mdogo wangu kapita wapi?"

"Si kaondoka na gari la mizigo, kabanwa katikati ya makochi yake! Kapita hapa macho mekundu, anafutia pua kwenye kanga. Ndiyo nini kumwambukiza mwenzio mafua siku ya safari?"

"Hayakuwa mafua," msusi alisema.

Lakini muuza mkaa alikuwa ameshamgeukia mteja. Msusi alibaki kando ya barabara, akipumua kwa matundu yote mawili, mzima kabisa.