Cherehani ya Kulelea Mayai

Jina la Fundi Nyoofu lilitokana na pindo zake. Uzi uliochomoza nusu ya ukucha ulitosha kumkosesha raha kutwa nzima, na kama shati la mteja lilikuwa na doa alilisugua kabla ya kulipima, mwenyewe asiulizwe. Mtu wa namna hiyo, jamani, humwachii beseni la wadudu. Lakini mke wake alimwachia, na tusimlaumu sana mama wa watu, maana mwanamume aliomba mwenyewe kwa kinywa chake.

Mke huyo alikuwa mtunza wadudu kwenye jumba la makumbusho. Mumewe alimwita Mtaalamu, nusu heshima, nusu mzaha. Kipenzi chake kilikuwa kunguni wa maji, yule mkubwa, bapa kama jani kavu, ambaye watu waogao mitoni humwita mng'ata-vidole na hawamtaji wakicheka. Kwa misimu miwili ya mvua alikuwa amejaribu kuwazalisha ili watu waje waone makinda yakitoka, na kila mara mayai yalikufa. Mkuu wa makumbusho alishachoka kusubiri. Safari hii yasipoanguliwa, alisema, chumba cha wadudu kinapewa kasuku, kwa sababu kasuku angalau wanaongea.

Sasa makumbusho yalikuwa yanapakwa rangi, na harufu ya rangi ingewaua wadudu. Mtaalamu naye alikuwa na safari ya wiki mbili kwenda kinamasini kukusanya viumbe wengine, mahali ambapo simu haishiki mtandao mpaka mtu apande kilima. Aliwaza kumwachia mlinzi wa makumbusho lile beseni lenye jike na dume.

"Mlinzi?" Fundi alikuja juu. "Na mimi ni nani humu ndani, pazia?"

"Wewe unawaita wadudu wangu mende walioshindwa maisha."

"Nilikuwa natania, mke wangu. Niachie. Utarudi uwakute wameota mashavu."

Basi beseni likawekwa kwenye meza ya kukatia vitambaa, pale dukani kwake, na maagizo yakatolewa. Wapewe viluwiluwi. Asitie kidole majini. Dume akishika ukungu mgongoni, asafishwe taratibu kwa brashi laini. Jike akitaga, asiguse kitu, atume ujumbe.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Nisitie kidole."

Mtaalamu akacheka, akapanda gari. Mayai yatakaa wapi hakusema. Kwake jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana, na hiyo ndiyo tabu ya watu waliosoma kitu kimoja muda mrefu: husahau kwamba sisi wengine hatujui.

Siku za mwanzo Fundi aliona ajabu tupu. Dume alining'inia kichwa chini, kimrija cha nyuma kimegusa uso wa maji, akivuta hewa kwa matako. Kiluwiluwi kikipita, alikidaka kwa miguu ya mbele, akakichoma kwa mdomo mkali kama sindano, akatulia. Kumbe alikuwa anatia mate yanayoyeyusha nyama ndani kwa ndani, kisha anafyonza kama mtu anywaye uji. Kilichobaki kilikuwa ngozi tupu. Ukimgusa kwa kijiti, alijifanya maiti, miguu imekakamaa, mnafiki mkubwa.

"Huyu anafanana na wateja wangu siku ya kulipa," Fundi alimwambia shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wake Mtaalamu, alikuwa msusi mwenye saluni mlango wa pili. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Kila akipata nafasi kati ya kichwa na kichwa, alikuja kumkagua shemeji yake na kumtania.

"Shemeji, jike limetaga?"

"Nachungulia chini yake kila asubuhi. Hakuna kitu."

"Labda anakuonea haya."

Kweli alichungulia. Alitafuta chini ya jike, kwenye majani ya maji, pembeni mwa beseni, kila mahali ambapo mtu aliyekulia na kuku angetafuta yai. Hakuona. Alichoona ni kwamba dume ameugua. Mgongo wake ulikuwa umejaa vipele, vimepangana safu kwa safu, na kila siku vilizidi kuvimba na kubadilika rangi. Masikini, chakula alikuwa anagusagusa tu. Tena alikuwa amezua tabia ya kupanda mpaka juu ya maji na kuanza kujiinua na kujishusha, juu chini, juu chini, kama askari aliyepewa adhabu.

"Anawashwa," Fundi alisema, na moyo ulimuuma kweli. Alikumbuka neno ukungu. Alijaribu kumpigia mkewe, simu haikupatikana. Akaona ngoja ngoja huumiza matumbo.

Alianza kwa brashi, kama alivyoagizwa. Vipele havikutoka, vilikuwa vimegandishwa kwa kitu kama gundi. Mtu mwingine angeacha hapo. Lakini huyu alikuwa Fundi Nyoofu, ambaye hajawahi kushindwa kufumua mshono wa mtu yeyote. Akamshika dume kwa kitambaa, akachukua wembe wa kufumulia na kibano, akapitisha ncha chini ya safu ya pembeni, taratibu, akisogeza uzi kwa uzi kama kawaida yake. Dume akamchoma kidole. Yalaa! Maumivu yalipanda mpaka begani, machozi yakamtoka, na bado hakumwachia mgonjwa wake. Utandu wote ukabanduka mzima mzima, haukuchanika hata pembe. Akauweka kwenye kifuniko chenye maji kidogo ili mkewe aje aone ugonjwa wenyewe, akamrudisha dume besenini akiwa msafi, mgongo unang'aa.

Shemeji alipoingia, alimkuta anapuliza kidole.

"Nimefanya upasuaji," Fundi alijigamba. "Tazama takataka alizokuwa amebeba."

Msusi akainama juu ya kifuniko. Akacheka sana, akacheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Shemeji, haya ni mayai."

"Mayai gani? Nimemtoa dume."

"Ndiyo, dume! Jike humgandishia mumewe mayai mgongoni, akaenda zake. Baba ndiye anayelea. Dada ametuambia mara ngapi mezani? Nami nilidhani unatania uliposema unachungulia chini ya jike! Wewe siku hizo ulikuwa unasikiliza nini?"

Fundi alikuwa anasikiliza mpira redioni, lakini huo haukuwa wakati wa kusema. Akakaa juu ya marundo ya vitambaa.

"Basi tuyarudishe mgongoni."

"Kwa gundi ya viatu? Umuue na baba?" Msusi hakuwa anatania tena. "Dada alisema yakibanduka huwa yanakufa. Yakizama yanakosa hewa. Yakiachwa nje yanakauka. Ndiyo maana baba yao anayapandisha na kuyashusha juu ya maji."

Fundi alikuwa ameona. Juu chini, juu chini, ile adhabu ya askari. Akageuza shingo, akaitazama cherehani yake.

Wenye akili zao timamu wangepiga simu na kulia. Yeye alichomoa sindano, akaondoa na kile kiguu kinachokandamiza kitambaa. Akakata kipande cha wavu wa shela, akashona kikombe kidogo cha kulalia mayai, akakifunga kwa uzi kwenye kile chuma kinachopandisha sindano na kuishusha. Chini yake akaweka kisosi cha maji yaleyale ya beseni. Akatia mguu kwenye pedali, akaanza. Mayai yakashuka yakalowa, yakapanda yakapata hewa, yakashuka tena.

"Mungu wangu," alisema msusi. "Shemeji una mimba."

Na hakika alikuwa nayo, kwa sababu tangu hapo hakuondoka. Mchana alikanyaga pedali, akichoka alizungusha gurudumu kwa mkono. Usiku shemeji alimpokea kidogo, akinung'unika, ili mwanamume alale kwenye kiti. Wateja walikuja kudai nguo.

"Fundi, suruali yangu?"

"Bado. Nalea."

"Unashona bila uzi?"

"Nimekwambia nalea, baba. Njoo wiki ijayo."

Habari ikaenea mtaani kwamba Fundi Nyoofu amechanganyikiwa, na wapo waliokuja kuhakikisha. Muuza maji aliuliza kama mtoto anafanana na mama. Fundi aliwajibu wote kwa upole usio wa kawaida yake. Kwa kweli alikuwa anaogopa. Aliwahi kuharibu nguo za watu, nguo hulipwa. Hii kazi ya mke wake angeilipa kwa kitu gani? Alimwomba mwenyewe amwamini, akaaminiwa, akaichukua misimu ile miwili na tegemeo la chumba kile akavibandua kwa wembe, tena kwa kujisifu. Alimpenda sana mwanamke yule, na hakujua atamtazamaje usoni.

Yai la kwanza likaota manyoya meupe ya ukungu, likafa. Alilitoa kwa kibano. Likafuata jingine, na jingine. Mpaka Mtaalamu anarudi, nusu ya utandu ilikuwa imekwenda.

Alirudi kabla ya siku yake, matope mpaka magotini, mkoba begani. Akasimama mlangoni akitazama cherehani inayokwenda bila uzi na mumewe mwenye macho mekundu.

"Nini hiki?"

Fundi hakuacha kukanyaga. "Mke wangu, nimeharibu. Nilidhani ni ugonjwa. Niliyabandua."

"Uliyabandua?" Mkoba ukaanguka chini. "Wewe mwanamume wewe! Nilikwambia usiguse!"

"Uliniambia."

"Ningemwachia mlinzi! Ningemwachia hata paka!"

"Kweli kabisa," alisema Fundi, machozi yakimtiririka bila kujificha. "Nisamehe. Nitukane vyovyote, ila usinisimamishe, mengine bado mazima."

Shemeji mtu alikuwa mlangoni nyuma ya dada yake. Mtaalamu alisogea akiwa bado anatweta kwa hasira, akainama mpaka pua ikakaribia wavu.

Yai la pembeni lilikuwa limefunguka juu kama kofia. Kitu cha njano, laini, chenye macho mawili meusi, kilikuwa kinajivuta nje, kinaacha kinapumzika, kinajivuta tena. Kikatumbukia kisosini. Kikakunjua miguu, kikageuka, kikapandisha kimkia chake juu ya maji, kikavuta pumzi.

Mtaalamu akaziba mdomo kwa kiganja cha matope. Misimu yote ile hakuwahi kuona kitu hiki kwa macho yake.

"Leta vikombe," alimwambia mdogo wake. "Vyote ulivyonavyo. Kila mmoja peke yake, la sivyo watakulana."

Yai la pili likaanza kufunguka. Msusi akakimbia. Fundi alikuwa anakanyaga tu, mguu umekufa ganzi, hajui kama amesamehewa au zamu yake ya kutukanwa haijafika. Mkewe akavuta kigoda, akakaa karibu naye, bega kwa bega, akauondoa mkono wa mumewe kwenye gurudumu akaweka wa kwake.

"Pumzisha mguu," alisema. "Niambie, unazungusha kwa kasi gani?"

"Polepole," alisema Fundi. "Kama unashona hariri."

Akazungusha.

"Polepole zaidi, mke wangu," akamwambia, na Mtaalamu akapunguza.