Kamba ya Meneja

Mbwa aliitwa Meneja. Jina alipewa na marehemu bwana wake mwenyewe, kwa sababu, alivyokuwa akisema, ndiye kiumbe pekee pale nyumbani aliyelala kutwa, asikosolewe na mtu, na chakula chake kikaletwa kwa wakati.

Marehemu alianguka kazini, kwenye ngazi, wenzake wakiwa wameshashuka kwenda kula. Hakuwa ameugua hata mafua. Waliporudi walimkuta ameshakwenda, na tangu siku hiyo Meneja hakulala tena kutwa. Alikaa langoni. Kila gari lenye mlio kama wa gari la bwana wake lilipokaribia, alisimama. Lilipopitiliza, alitoa kilio kirefu kilichowaamsha watoto wa watu. Majirani walivumilia, maana msiba ni msiba, lakini uvumilivu nao una kikomo chake. Mwishowe mwenye nyumba akamwita mjane na kumwambia, kwa upole lakini bila kutafuna maneno, kwamba achague moja: mbwa atafutiwe pengine, au wahame wote wawili.

Mjane hakuchagua. Alitafuta mahali pa kukaa na mbwa wake wiki moja bila kuulizwa kitu, akapata tangazo la nyumba ya mapumziko kwenye bonde la mto, mbali na mji, ambako wageni waliruhusiwa kuja na wanyama wao. Akamuaga mama mkwe wake kwamba anakwenda kupumzika.

Mama mkwe alikuwa mtu mzima, na macho yake yalikuwa yameona mengi. Aliona kwamba mkwewe ameshagawa nguo zote za marehemu na zake nyingi pia. Aliona amesafisha nyumba mpaka uvunguni, kama mtu anayemwachia nyumba mpangaji mwingine. Akamvuta pembeni binti yake, dada wa marehemu, akamwambia afungashe.

"Nenda naye. Usimwache peke yake hata kidogo."

"Mama, wifi hanipendi."

"Sikukutuma ukapendwe."

Ni kweli hawakupendana. Siku ya harusi dada mtu alitamka neno moja jikoni kuhusu bibi harusi, kwamba kaka yake ameokota, na neno hilo, kama ilivyo desturi ya maneno, lilimfikia mwenyewe kabla keki haijakatwa. Tangu hapo waliishi kwa salamu na tabasamu la mdomoni. Sasa wakapanda gari moja, mbwa katikati yao, na safari nzima waliongea kuhusu dirisha: lifunguliwe au lifungwe.

Nyumba ilikuwa ndogo na safi, ya mawe, yenye vyumba viwili na jiko lililotazama mto. Kila kitu kilikuwa kimepangwa na mtu anayewajua wanyama. Sakafu ilikuwa ya vigae, bila zulia. Mlangoni palitundikwa taulo kuukuu la kufutia miguu yenye tope, na chini yake bakuli mbili za udongo, nzito, zisizopinduka. Mama mwenye nyumba aliishi juu ya kilima, nyuma ya kona ya njia, na aliwatembeza chumba kwa chumba akicheka na kusimulia vituko vya wageni waliopita, mmoja wao akiwa bata. Aliacha kucheka alipofika dirisha la jiko.

Aliwaambia mto ule ni mnafiki. Wanauona mdogo hivyo, mawe yako nje, mtu anavuka bila kulowa magoti. Lakini huko juu kuna bwawa, na wakifungua milango ya bwawa, maji hushuka yote kwa pamoja. Kwanza hulia king'ora. Kikilia, mtu atoke mtoni, na chochote alichoshika akiachie. Akaongeza kwamba simu hazishiki bondeni. Anayetaka kupiga apande kwake.

Siku za mwanzo zilipita kimya. Mjane hakula, na Meneja hakula, utadhani wamewekeana mkataba. Dada mtu alikaanga mayai, akayatazama yakipoa, akayala mwenyewe kwa aibu. Mazungumzo yao yalikuwa ya kiberiti na chumvi. Asubuhi moja alimkuta wifi yake amekaa ukingoni mwa mto, viatu vyake vimepangwa pembeni, visigino pamoja, kama vinavyopangwa mlangoni kwa watu. Akakaa karibu naye. Walikaa hivyo hadi jua lilipowachoma, ndipo mjane akavaa viatu na kurudi ndani. Kuanzia hapo dada mtu alilala mlango wazi, na usingizi wake ukawa wa kuku.

Alasiri ya siku iliyofuata walitoka wote watatu kutembea kando ya maji. Meneja alijikokota, kichwa chini, kamba ya shingoni imelegea mkononi mwa mjane. Ng'ambo ya mto mkulima mmoja alikuwa akiwakusanya mbuzi wake, na alipoona wanatawanyika, akapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi wa kawaida, wa kupanda kisha kukatika ghafla. Lakini marehemu naye alikuwa akipiga vivyo hivyo kila jioni aliposhuka garini. Masikio ya Meneja yalisimama. Mwili wake wote ulitetemeka, na kabla mjane hajakaza vidole, kamba ilimponyoka. Mbwa yule mzee, ambaye kwa miezi hakuwa amekimbia hata hatua moja, aliruka majini kama mtoto wa mbwa, akipiga kelele za furaha. Mjane alisimama akishika kifua. Hata yeye, kwa punde ile, alitazama ng'ambo kuona nani anakuja.

Katikati ya mto palikuwa na mabaki ya daraja la zamani, vyuma vilivyopinda na kubanwa na mawe. Meneja alirukia hapo, mguu wa nyuma ukazama kati ya chuma na jiwe. Kilio chake kilisikika bonde zima, ila mkulima alikuwa ameshaingia na mbuzi wake nyuma ya shamba la mahindi.

Wanawake wawili waliingia majini. Dada mtu hakujua kuogelea, na tangu utotoni alikuwa anaogopa maji yasiyoonekana chini, lakini pale yalimfika magotini tu. Walivuta mguu, haukutoka. Walisukuma jiwe, halikutikisika. Dada mtu akaokota gogo la mti, akalichomeka chini ya chuma na kuliegemea kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao, gogo likavunjika. Meneja kwa maumivu akamng'ata kiganjani, kisha akaanza kumlamba palepale alipomng'ata.

Ndipo king'ora kikalia.

Kililia kutoka mbali, juu ya bonde, sauti nzito iliyopanda na kushuka. Walitazamana. Dada mtu akasema anakwenda kwa mama mwenye nyumba, apige simu bwawani wafunge, alete na watu wenye vyuma. Mjane akaitikia kwa kichwa, akamwambia kwa utulivu, "Nenda, wifi. Nenda haraka."

Alikimbia. Alitoka majini, akashika njia ya kilima, viatu vimejaa maji. Ilikuwa alipofika konani ndipo ule utulivu ulipomrudia masikioni. Wifi yake hakuwahi kumwambia neno kwa sauti ile. Akageuka kutazama.

Mjane alikuwa amekaa juu ya jiwe, kando ya mbwa. Maji yalikuwa yameanza kupanda. Na kamba ya Meneja alikuwa akiizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, raundi juu ya raundi, bila haraka. Kisha akafunga fundo kwa meno.

Dada mtu alisimama pale konani akiwa na njia mbili mbele yake. Akipanda, huenda watu wakaja. Akirudi, hakuna atakayejua. Aliita kwa nguvu zake zote kuelekea nyumba ya kilimani, mara moja, mara ya pili, hakujibiwa. Akashuka mbio alikotoka.

Safari hii maji yalimfika kiunoni, tena yalikuwa na nguvu. Alipiga hatua akishika vyuma, akilia kwa woga kama mtoto, na alipofika alimshika wifi yake kiunoni kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Fungua hiyo kamba."

"Nimekwambia ukaite watu."

"Nimeita. Fungua."

"Siwezi kumwacha peke yake," mjane alisema. Hakulia. Aliongea kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Ndugu yako alikufa peke yake kwenye ngazi. Watu wanakula, yeye anakufa. Hakuna aliyemshika hata mkono. Huyu nitamshika."

"Utamshika, kisha?"

Maji yalikuwa yamefika kifuani mwa mbwa, naye alikuwa ameinua pua juu, macho yamemtoka.

"Na mimi je?" dada mtu akasema, na sasa hasira ikamshinda woga. "Kwako alikuwa mume. Kwangu tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja tangu sijajua kuongea. Tangu tumzike sijamlilia, maana kazi yangu ni kukuchunga wewe. Nikimtaja, nani mwingine atajua namsema nani? Mama ameshaanza kusahau. Haya, kaa. Na mimi nakaa. Unajua siogelei, kwa hiyo nitatangulia."

Akakaza mikono kiunoni mwa wifi yake na kufumba macho. Hakuwa anatishia tu. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuelea, na kweli asingeweza tena kurudi ukingoni peke yake.

Mjane aligundua hilo kwa kumtazama usoni. Alimtazama mbwa, akamtazama wifi yake. Kisha akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la Meneja, akamwambia kitu ambacho dada mtu hakukisikia, wala hakuwahi kukiulizia. Halafu akanyoosha mkono wenye kamba.

Fundo lilikuwa limelowa na kukaza. Kucha ziliteleza. Dada mtu alilivamia kwa meno, akimeza maji, akitema, akirudia, huku mjane akimshikilia kichwa chake kisizame. Lilipoachia, maji yalikuwa yamewafika mabegani, na pua ya Meneja ilikuwa haionekani tena. Mjane aliipapasa chini ya maji kwa mkono wake mmoja. Alibaki ameishika mpaka mkono huo ulipovutwa.

Aliyeuvuta ni yule mkulima. Kila king'ora kilipolia alikuwa na mazoea ya kurudi mtoni kuhakikisha hakuna mbuzi aliyebaki, na badala ya mbuzi aliona vichwa viwili vya watu. Alijifunga kiunoni kamba ya kufungia mbuzi, ncha nyingine akaifunga kwenye mti, akaingia. Aliwatoa mmoja kwa mkono wa kulia, mwingine kwa wa kushoto, akawalaza majanini kama magunia, akakaa chini akihema na kusema tu, "Jamani. Jamani."

Baadaye, mama mwenye nyumba alipozunguka kwa daraja jipya na kuja ng'ambo ile na mablanketi na chai, mkulima aliuliza mbwa aliingiaje kule. Mjane alifungua mdomo. Dada mtu akawahi kujibu kwamba ni mbwa tu, ameona mbuzi. Yule mtu alikuwa ameokoa roho mbili. Hapakuwa na haja ya kumbebesha mluzi wake.

Walipoachwa peke yao jikoni, mjane alishika kikombe bila kunywa. Alama za kamba zilikuwa nyekundu kifundoni mwake.

"Ningebaki," alisema. "Nataka ujue. Sikuja huku kupumzika."

"Najua. Hata mama anajua."

"Na bado sijui kama nimefurahi kutoka."

Dada mtu alitaka kumjibu jambo la maana, neno kama yale wanayosema watu wazima misibani. Badala yake sauti ilimtoka ambayo hakuitambua. Alilia akiwa amesimama, akalia akiwa amekaa, akateleza hadi kwenye vigae na kulia huko, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo mjane hakuwa amewahi kulisikia. Mjane alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetazama mzigo asiojua aushike wapi. Kisha akashuka kwenye kiti, akakaa naye sakafuni, akamlaza mapajani.

"Mlikuwa mnamwitaje?" akauliza. "Rudia tena."

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, mawe yako nje kama hapakutokea kitu. Mkulima alikuja na mtaimbo, akainua chuma, na Meneja akatoka. Walimzika juu ya ukingo, mahali ambapo maji hayafiki, wanawake wakichimba kwa zamu na mkulima. Mjane aliuweka mguu uliovunjika sawasawa kabla hawajafukia.

Kisha walipanda kilimani kumpigia mama simu. Dada mtu alimweleza yote, bila kuficha, mjane akiwa amesimama palepale akisikia. Mwishowe mama akaomba apewe mkwewe. Alichomwambia kilikuwa kifupi. Mjane aliitikia, "Ndiyo, mama," halafu tena, "Ndiyo, mama," huku machozi yakimtiririka hadi shingoni, ya kwanza tangu mazishi.

Siku zilizobaki hawakuzikaa. Wakati wa kufungasha, dada mtu alisema atahamia kwa wifi yake kwa muda, muda wenyewe hajui ni kiasi gani. Hakuomba ruhusa. Mjane alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena, kisha akasema chumba cha nyuma kinavuja.

"Nitaweka beseni," dada mtu akajibu.

Njia ya kwenda garini ilipita kando ya mto. Mjane alisimama kidogo kuutazama. Dada mtu hakumhimiza. Alimshika mkono wa nguo tu, akausubiri mwili wa mwenzake ugeuke wenyewe, na hata walipokwisha kukaa garini na mlango kufungwa, alikuwa bado ameushika.