Kukatika kwa Tatu

Laini ya mtandao ya Isinya ilikatika tena Alhamisi, saa nne asubuhi. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Naipanoi, fundi wa faiba, alikuwa ndio kwanza ameketi kwenye ofisi ya kampuni yao Kitengela, chai haijapoa, simu zikaanza. Shamba la maua. Shule. Mfugaji wa kuku aliyekuwa akiangalia vifaranga vyake kwa kamera. Kisha Sista Mbeke, muuguzi mwenye kliniki ndogo pale Isinya.

"Niko na mama hapa, mimba ya miezi nane," Mbeke alisema. "Majibu ya damu yake yametumwa kutoka Nairobi na siwezi kuyafungua. Jana uliniambia hiyo shida imeisha."

"Jana ilikuwa imeisha, Sista."

"Na leo?"

"Leo laini imekatwa tena. Nakuja."

Hata data ya mnara wa simu wa upande ule ilipitia waya huo huo, ikabaki sauti tu, na maabara haisomi majibu kwa simu, kwa hivyo hakukuwa na njia nyingine ya kumsaidia. Naipanoi alibeba mashine ya kuunga nyuzi, akaitia kwenye pikapu. Hiram, meneja wake, alimfuata hadi mlangoni.

"Ni yule mzee wa tingatinga anayechimba mtaro wa maji," Hiram alisema. "Nimeandikia kampuni yake barua kali. Mpige picha akiwa kazini, tuwe na ushahidi."

Barabarani Naipanoi alipanga maneno. Miaka tisa alikuwa akiunga faiba, vioo vyembamba kama unywele, akiwa amepiga magoti kwenye vumbi, upepo ukimpokonya kila kitu. Jumatatu aliunga. Jumatano akaunga tena, mita mia mbili mbele. Mtu akikukata mara moja ni ajali. Mara tatu ni dharau.

Alimkuta dereva wa tingatinga, Githongo, ameketi kando ya mtaro wa bomba la maji. Alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya sufu licha ya jua. Mashine ilikuwa imezimwa. Waya mweusi ulining'inia kwenye meno ya mashine hiyo.

"Mzee, mimi nimekukosea nini?" Naipanoi alisema kabla hata ya salamu. "Nilikuambia Jumatatu. Nilikuambia jana. Kuna kliniki huko mbele, kuna watoto wa shule. Wewe unachimba tu kama huoni."

Githongo alipanda kwenye kiti chake polepole, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akashuka nayo.

"Madam, mimi nachimba penye naambiwa," alisema. "Hii ndiyo ofisi yenu ilitupatia. Waya uko kushoto ya barabara. Mimi niko kulia, na hizo mara mbili nilidhani ni waya unaovuka tu. Sasa nikae wapi, hewani?"

Naipanoi alifungua karatasi. Muhuri ulikuwa wa kampuni yake. Mstari mwekundu ulipita kushoto, moja kwa moja hadi Isinya.

Akajua kosa lilikuwa la nani. Miaka miwili iliyopita barabara ilipopanuliwa, kikosi kilichohamisha ule waya kutoka kushoto kwenda kulia kiliongozwa na yeye. Alipima kila hatua, akaandika vipimo kwenye daftari, akaahidi kuvipeleka kwa mchoraji wa ramani Ijumaa. Ijumaa hiyo mnara wa Kimana ulizimika, akakaa huko siku nne. Aliporudi kulikuwa na kazi nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Lile daftari hakulifungua tena, na sasa hakujua liko wapi.

"Umeona?" Githongo aliuliza.

"Hii ramani ni ya zamani. Tulihamisha waya." Aliikunja karatasi. "Mimi ndiye nilihamisha, mzee. Nikasahau kuambia watu."

Githongo alivua kofia, akakuna kichwa. "Wiki nzima msimamizi wangu ananitusi. Juzi aliniuliza kama macho yangu bado yanaona."

"Najua. Pole."

"Pole," alirudia mzee, kama anayeonja chakula ambacho hakijaiva.

Naipanoi alipiga magoti, akafungua mwavuli, akaanza kuunga. Nyuzi ishirini na nne. Mara mbili vumbi liliingia, akarudia. Githongo alimtazama kwa muda, kisha akaja akasimama upande wa upepo, mwili wake mkubwa ukiwa ukuta. Saa saba na nusu taa ya kijani iliwaka, laini imerudi.

Akampigia Hiram na kumweleza yote.

"Usimwambie huyo mzee," Hiram alisema.

"Nishamwambia."

"Naipanoi. Barua imeenda. Imepigwa muhuri."

"Basi uandike nyingine. Na sirudi ofisini leo. Waya uliobaki ni kilomita tatu, mimi na mzee tutautafuta kwa jembe na kuuwekea vigingi. Usiponiacha niumalize, kesho utanituma hapa tena."

Hiram aliongea kwa muda mrefu kuhusu utaratibu, kazi inayongoja Kona Baridi, na watu wasiofikiria kabla ya kufungua mdomo. Naipanoi alishikilia simu mbali na sikio hadi ikanyamaza.

Kazi iliwachukua siku hiyo na Ijumaa yote. Naipanoi alichimba mashimo madogo kila mita hamsini hadi waya ulipoonekana, Githongo akapigilia vigingi, kisha akapitisha mtaro wake mita mbili pembeni. Jembe lilimtoa Naipanoi malengelenge. Msimamizi wa Githongo alikuja mara moja, akasikia habari kutoka kwa Naipanoi mwenyewe, akaondoka bila kumwomba mzee msamaha. Hilo lilimkera Naipanoi kuliko yale malengelenge.

"Wacha," Githongo alisema. "Amesikia. Inatosha."

Jumatatu iliyofuata Hiram alimkabidhi ramani zote za Kajiado azikague upya, moja baada ya nyingine. Naipanoi hakubisha. Alikuwa kwenye ramani ya pili Sista Mbeke alipopiga simu.

"Yule mama amejifungua salama, msichana," alisema Mbeke. "Lakini hii mtandao yenu leo iko polepole sana. Mnafanya nini huko?"

Naipanoi alifumba macho kidogo, kisha akauliza ni saa ngapi ilianza kuwa polepole, akachukua kalamu na kuandika.