Fungu la Tatu

Mlio ulitangulia. Kra-kra-kra, kisha mkoromo mzito, kisha ukimya mfupi kama wa mtu anayemeza, halafu kra-kra-kra tena. Mpita njia angedhani ni lori bovu linalokataa kupanda kilima. Huguette Kalumba, aliyekuwa amefumba macho kwa sababu ya vumbi, alijua ni jiwe gani lililoingia kinywani mwa mashine: lile jeusi, la kobalti, linalovunjika kwa sauti ya chini kuliko lile la kijani. Miaka mitano ya kusaga mawe ya watu wengine ilikuwa imempa sikio hilo. Haikuwa imempa kingine kikubwa.

Alizima mashine, akamimina unga wa jiwe juu ya turubai. Akaurundika mpaka ukawa kama bukari, ugali wa kwao, iliyopakuliwa kwenye sahani, akaubonyeza kichwani ukawa bapa, akaukata kwa bati mara mbili, mfano wa msalaba. Robo mbili zinazotazamana akazirudisha guniani. Zilizobaki akazichanganya, akakata tena, na tena, hadi kikabaki kiasi cha kujaza vifuko vitatu. Kifuko cha kwanza ni cha mnunuzi. Cha pili ni cha muuzaji. Cha tatu hutiwa lakiri na kufungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati hilo ulining'inia shingoni mwake. Siku wawili hao wakigombana juu ya ubora wa jiwe, fungu la tatu ndilo hufunguliwa.

"Dada Huguette!" Stany, mpakia magunia, aliita kutoka mlangoni. "Simu yako inatetemeka mpaka inataka kuanguka mu ndoo. Ule mutu anakupenda ao anakudai?"

"Haiko mwenye kunipenda, haiko mwenye kunidai. Leta."

Ilikuwa barua. Ilikuwa barua ile, baada ya miezi minne ya kuomba na jumbe sita ambazo Profesa Badibanga alizisoma zote na kutojibu hata mmoja. Alikuwa promoteur wake, profesa aliyesimamia kazi yake ya masta kule Lubumbashi. Sasa Huguette alikuwa akiomba nafasi ya udaktari katika chuo kimoja cha Ubelgiji, na chuo kilitaka barua ya msimamizi wa zamani au, kwa asiyekuwa nayo, maelezo ya sababu. Mlango wa maombi ulikuwa ukifungwa siku hiyo hiyo ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi juu ya gunia.

"Anasema nini?" Stany aliuliza.

"Anasema niko na bidii. Niko mwaminifu. Anasema hajaona mwanafunzi kama mimi miaka kumi."

"Yesu! Sasa juu ya nini unakunja uso kama mutu amekula ndimu?"

Huguette alimtafsiria mstari wa mwisho polepole: matokeo ya kazi yangu, yaliyochambuliwa na Profesa mwenyewe na kuchapishwa kwa jina lake, ndiyo pekee yanayopaswa kuhesabiwa kuwa sahihi.

"Ni ule mustari tu?"

"Ule tu."

"Dada, mi mutu akinisifu kurasa mbili, mustari moja naweza kumeza na chumvi."

Chini ya barua kulikuwa na ujumbe wa sauti. Aliuweka sikioni. Sauti ya Badibanga ilikuwa nene na tulivu, sauti ya mtu aliyekwisha kula. "Huguette, binti yangu, unaona vile nimekusaidia. Ya zamani tuyaache. Kule Ulaya wanahitaji mikono mizuri, na wewe mikono yako, nakwambia, ni mizuri sana."

Mikono. Alikuwa amelisahau neno hilo kwa muda wa miezi kadhaa, na sasa lilirudi na kuketi mahali pake.

Miaka mitatu alikuwa amemngoja mtu huyu kwenye benchi la korido, hadi akajua kila ufa wa sakafu. Alikuwa amemsahihishia mitihani ya wanafunzi mia nne. Na kwa kazi yake mwenyewe alikuwa ameingia katika kijito cha Kamwashi, maji ya magotini, akachota matope mahali kumi na pawili: patano juu ya daraja, yanakotoka maji, saba chini yake, yanakokwenda, pale ambapo bomba la kiwanda kimoja linamwaga. Aliyaanika, akayachekecha, akayakata robo kwa robo. Namba za sumu chini ya daraja zilipanda kama homa. Halafu makala ya Profesa yakatoka, na ndani yake namba hizo zilikuwa zimenyooka, kama shati lililopitiwa na pasi. Juu ya daraja na chini ya daraja, maji ni yale yale. Huguette aliuliza kwa nini, darasani, mbele ya watu. Badibanga hakupandisha sauti. "Huguette," alisema, "wewe ni mkono. Kichwa ni mimi." Darasa lilicheka. Alicheka hata yule rafiki yake aliyemshikia ndoo kijitoni.

Kwa hiyo akawa mkono. Alirudi Kolwezi akasaga mawe.

Ila kuna jambo ambalo Badibanga hakulijua, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga kile kijito. Kila tope Huguette alikuwa ameligawa mara tatu. Fungu la kwanza lilienda maabara, la pili kwa Profesa, na la tatu lilitiwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, ukafungwa, ukaandikwa namba kwa rangi nyekundu ya kucha. Mikebe kumi na miwili, chini ya kitanda, nyumbani kwa baba yake. Ombi lake lote lilisimama juu ya mikebe hiyo. Ukurasa wa tatu ulisema: nimehifadhi sampuli zote, zipimwe upya na yeyote. Profesa Mushiya, mama mzaliwa wa mji wa Sandoa anayefundisha Ubelgiji na aliyekubali kulisoma ombi hilo, alikuwa amemwandikia juzi: *Niongezee picha ya sampuli, namba zionekane.*

"Barua yake siitumi," Huguette alimwambia Stany, akifuta mikono kwenye bluzi. "Mi niko na fungu la tatu."

"Na patron akiuliza uko wapi?"

"Mwambie nimeenda kupiga picha ya matope."

"Ataona umelewa."

"Bora aone vile."

Pikipiki ilimfikisha Manika, mtaa wa baba yake, jua likiwa limeanza kuinama. Tata Donatien, baba yake, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini, njia ya Dilolo, alikuwa ameketi uani na kisu kidogo mkononi, akikata majani ya vitunguu ndani ya bakuli.

"Karibu, mama. Umetoka mbio kazini? Wamekufukuza?"

"Hapana, tata. Nimekuja kupiga picha ya ile mikebe yangu."

Aliingia chumbani akapiga magoti. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu, beseni, na sakafu iliyofagiwa vizuri.

Alipotoka tena uani, aliiona. Ilikuwa imepangwa kando ya ukuta, kwenye mstari ulionyooka, namba moja hadi kumi na mbili, rangi nyekundu ikitazama nje. Ndani ya kila mkebe kulikuwa na vitunguu.

"Tata."

"Mm?"

"Ule udongo."

"Udongo muzuri, mama! Mvua ya mwaka jana ilipita mu bati ikalowesha kitanda, nikasogeza, nikaona bifuniko bimeshika kutu. Nikafungua. Nikasema, mutoto huyu alichekecha udongo laini vile halafu anaufungia gizani, juu ya nini? Nikauhurumia." Aliinua kisu. "Lakini sikuchanganya, eh. Kila moja mu mukebe yake, na namba yake. Mutu wa reli hapangi namba ovyo."

"Ulitoboa chini?"

"Na musumari. Kitunguu hakipendi maji ya kulala."

Maji ya kisima, basi, kila asubuhi, yakipita ndani ya tope na kutokea chini na chochote yalichokutana nacho. Miezi mingapi? Hakuuliza. Hakuna maabara duniani ambayo ingepokea kitu kile. Aliketi chini, vumbi jekundu likamshika sketi, na kwa muda hakuhisi hasira yoyote. Alihisi kuchoka tu, uchovu wa mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali na kuikuta ina tundu.

Kisha hofu ikamgutusha. "Tumekula, tata? Hivi vitunguu, tumekula?"

"Hizi za mwanzo ndiyo nakata. Moja mpaka tano. Hizi zingine unaona mwenyewe. Bimekataa."

Aliona. Mkebe wa kwanza hadi wa tano ulikuwa na majani ya kijani, manene, yaliyokatwa na kuchipua tena. Kutoka wa sita majani yalikuwa ya njano, membamba kama nyuzi, yakilala pembeni ya mkebe. Wa saba ulikuwa mtupu.

"Huo, mbuzi wa jirani, Mama Angèle," baba yake alisema. "Alikula, kesho yake akapita mbali."

Wa tisa ulikuwa na majani mawili marefu ya kijani, yaliyosimama kwa ukaidi, bila sababu. Lakini wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili: njano, njano, njano. Mzee asiyejua lolote kuhusu daraja wala bomba alikuwa amemwandikia mto wake ukutani.

Tata Donatien alikuwa ameanza kuelewa. Aliweka kisu chini. "Ilikuwa ya masomo?"

"Ndiyo, tata."

"Nimeharibu."

Mzee aliinuka kwa shida, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na vifuniko kumi na viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. "Sikutupa hata moja. Tung'oe, tujaze udongo wowote, tufunge. Utapiga picha. Nani ataona ndani?"

Aliyasema kwa upendo mtupu, na hilo ndilo lililomwumiza. Ingechukua dakika kumi. Namba zingeonekana, nyekundu, safi. Au aiache mikebe kabisa na kutuma barua nzuri ya Badibanga, mstari ule umezwe na chumvi. Ilikuwa saa tisa. Alivitazama vifuniko mikononi mwa baba yake na, kwa mara ya kwanza, akaona jinsi kunyoosha namba kunavyokuwa kitu chepesi, kitu cha mchana wa kawaida, uani, mbele ya mtu anayekupenda.

Akachukua simu akapiga Ubelgiji.

"Mama Profesa, ni Huguette Kalumba, wa Kolwezi. Ukurasa wa tatu si wa kweli tena."

Akaeleza. Upande wa pili kulikuwa na kelele za sahani, kisha mlango ukafungwa na kelele zikaisha.

"Vitunguu," Profesa Mushiya alisema.

"Bitunguu, ndiyo."

"Ungetuma tu. Mimi nisingejua mpaka ufike hapa."

"Mutu alishaninyooshea namba zangu. Sitaki kuwa wa pili."

"Na barua yake?"

"Iko. Ni nzuri. Siitumi. Nitaandika maelezo."

Pumzi ndefu ilisikika. Haikuwa pumzi ya ghadhabu. Ilikuwa ya mtu aliyechoka pia, kwa njia yake. "Sikiliza. Sheria inaruhusu maelezo. Lakini kamati inapenda barua, na mimi ni sauti moja kati ya tano. Sikuahidi kitu. Umebaki na nini?"

"Daftari la kijitoni. Na kijito bado kiko."

"Andika hivyo basi. Upya, ukurasa wote. Na piga picha ya hivyo vitunguu."

"Picha ya vitunguu si kipimo, Mama Profesa. Wa tisa umeota vizuri, sijui kwa nini."

"Najua si kipimo. Piga. Na wa tisa uandike."

Huguette alishika simu kwa mikono miwili. Swali lilikuwa limemkaa kooni tangu Lubumbashi, na kama hangeliuliza sasa angeliuliza akiwa amechelewa. "Mama Profesa, siku moja nikikuuliza swali mbele ya watu, swali lenye halikufurahishi, utanijibu nini?"

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Itategemea na swali," Mushiya alisema mwishowe. "Pengine nitakasirika. Kesho yake nitajibu."

Aliandika akiwa ameegemea ukuta, kwa vidole gumba viwili, vumbi la kobalti bado limejaa kwenye kucha. Kuhusu Badibanga aliandika mistari minne, bila tusi hata moja, na ilimgharimu kuliko ukurasa mzima. Alipiga picha ya mikebe yote, na ule mtupu wa mbuzi. Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini alituma. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwa Kifaransa kwamba faili limepokelewa. Basi. Hakukuwa na neno lingine.

Baba yake alikuwa amepiga magoti mbele ya mkebe wa sita, vidole tayari shinani mwa kitunguu.

"Using'oe, tata."

"Nitazame haya mambo kila siku? Yananishitaki."

"Hayakushitaki wewe. Yaache." Alikwenda akachuchumaa kando yake. Mkono wa mzee ulikuwa na udongo, na wake pia. "Ya moja mpaka tano, kula. Ya tisa usiguse, mi sijaielewa. Na kesho asubui nazima simu, nakwenda Kamwashi na ndoo."

"Kama bamekukatala je?"

"Bakikubali nakwenda, bakikatala nakwenda. Na nikirudi, tata, nitakuletea udongo wa juu ya daraja, gunia muzima. Ule utakuwa wa kwako. Sitaandika namba."