Mvua ya Mawe Siku ya Posa

Scola alikuwa mtu wa kushangaa vitu, na Usevya nzima ilijua. Alishaunguza wali kwa kufuata msururu wa siafu hadi nyuma ya zizi. Alishawahi kusimamisha mkokoteni uliojaa magunia ya mpunga ili kinyonga amalize kuvuka barabara. Mumewe Malale alikuwa akicheka tu na kumuuliza, "Leo umeona nini?" Lakini Malale alifariki, na mdogo wake, Nyanda, ndiye aliyeshika mambo ya ukoo. Nyanda hakuwa mtu wa kucheka.

Siku washenga walipokuja kutoka Inyonga kumposa Jeniffer, binti pekee wa Scola, Nyanda aliwahi kufika.

"Shemeji, leo utulie. Wasije wakasema wanaoa kwa vichaa."

"Nitatulia," Scola akasema, na alikuwa na nia hiyo kweli. Alichinja kuku, akavaa kitenge kipya, akaketi na kuitikia kila alipotakiwa kuitikia.

Wageni walikuwa wawili: mzee Masunga, baba mkubwa wa kijana anayetaka kuoa, na Monika, shangazi wa kijana huyo, mama wa sauti nzito aliyekagua kila kitu, kuanzia mabati hadi vikombe. Mazungumzo yalikuwa yamefika pazuri mbingu zilipofunga ghafla. Mara bati likaanza kupiga kelele kana kwamba mtu anamwagia kokoto.

Scola akachungulia mlangoni. Uwanja uliokuwa vumbi tupu tangu kiangazi kianze ulikuwa mweupe. Mawe ya barafu yalirukaruka kama bisi kwenye sufuria. Mara ya mwisho kuona kitu kama hicho alikuwa bado anachunga ndama wa baba yake.

Akachukua beseni la kunawia mikono, akajifunika kichwani, akatoka.

"Shemeji, rudi ndani," Nyanda akaita.

Alimsikia. Hakugeuka. Aliinama, akaokota jiwe moja, akalisogeza karibu na jicho. Ndani lilikuwa na miviringo, mmoja juu ya mwingine, kama kitunguu. Akalitia mdomoni, akacheka peke yake huku beseni likilia kichwani.

"Huyo ndiye mama wa binti?" Monika akauliza.

Nyanda akamtuma Jeniffer. Binti akasimama barazani, uso umemwiva kwa aibu, akamwita mama yake.

"Mayu, unaniaibisha. Ingia ndani."

"Nyoosha mkono."

"Mayu, watu wanatutazama."

"Wana mvua ya kutazama, wakichagua kututazama sisi shauri yao."

Akamwekea jiwe kiganjani. Jeniffer barafu aliijua, ya kwenye friji za soda. Hii ilikuwa imetoka juu. Hakulitupa. Alibaki pale, mkono ameunyoosha, hadi vidole vikafa ganzi.

Mvua ilipokatika Scola aliingia ndani ameloa chapachapa, kidole kimoja kimevimba kwa kupigwa na jiwe.

"Waombe wageni radhi," Nyanda akasema.

"Sijamkosea mtu."

Monika akakunja khanga yake. "Mama, kwetu mtu mzima hachezi na mvua. Binti akija na tabia hii tutamrudisha."

"Nimezika mume," Scola akasema. "Nimesimama kwenye maji ya majaruba ya mpunga mpaka kucha zikaoza, na huyu nikamsomesha. Hakuna kazi ya mtu mzima niliyoikwepa. Ila kushangaa siachi. Kama hilo ndilo sharti lenu, nendeni salama."

"Na mimi simkatazi," Jeniffer akasema kutoka mlangoni.

Mzee Masunga akakohoa, akasema watakwenda kujadiliana nyumbani. Wakaondoka bila kumaliza kula.

"Umeshaharibu," Nyanda akasema.

"Nyuma ya kihenge cha mpunga mawe bado yapo mengi. Njoo uone."

Hakuja. Scola akaenda mwenyewe, akachuchumaa, akayatazama yakiyeyuka na kuzama kwenye udongo mpaka likabaki tope.

Posa ilichelewa, lakini haikuvunjika. Kijana alisema anamtaka Jeniffer yuleyule, na mavuno yalipoisha harusi ikafungwa. Monika alikuja, akakaa mbali. Asubuhi ya siku hiyo Nyanda alimfuata tena Scola na maelekezo yake: asifanye hili, asitazame lile. Scola alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia hapana.